Kaa Walioletwa Ruracio

Umande haujakauka, mji mzima wa Chaka ulishajua kwamba kwa Mama Lynn kumeletwa wadudu wa baharini, wazima, na kwamba watapikiwa wakwe. Aliyeieneza habari hiyo ni Mama Lynn mwenyewe. Alianza na mwanamume wa maziwa, akaja kwa fundi wa viatu anayekaa mbele ya hoteli yake, kisha akamwambia Gathoni wa saluni, na ukishamwambia Gathoni huna haja ya kumwambia mtu mwingine.

Jina lake ni Wakiuru. Hoteli yake ya chai na mukimo iko kando ya barabara ya Nanyuki, na nyumba yake iko nyuma ya hoteli, ukipita jikoni umefika. Watu hawaji hapo kwa chai tu. Wanakuja kwa sababu ukikaa kwenye benchi la Wakiuru mpaka kikombe kipoe, utakuwa umejua nani amehama, nani amerudi, na nani anadai hajarudi ilhali ng'ombe wake wamemwona. Mumewe alifariki zamani akamwachia mtoto mmoja, Lynn, ambaye sasa ni muuguzi huko Kilifi. Na huko Kilifi Lynn akampata Lennox, kijana wa Kigiriama mwenye sauti ya taratibu, na leo ndiyo siku watu wa Lennox walikuwa wanakuja kwa ruracio, na mbuzi wao na kondoo wao, kumwomba msichana kwa heshima.

Wakiuru alikuwa ameliwaza jambo la chakula kwa muda mrefu. Mtu anatoka baharini, anapanda mpaka kwenye baridi hii ya Kieni, halafu unampa njahi, maharagwe meusi ya huku? Njahi atapewa, na nyama atapewa, lakini akikuta na chakula cha kwao mezani, huyo si atalia? Ndipo akampigia simu mwuza samaki mmoja wa Nairobi.

"Nataka kaa," alimwambia. "Wakubwa. Na unitafutie wale wako na mayai."

"Mama, kumbe unajua vitu," mwuza samaki akasema, akacheka.

Wakiuru hakujua kitu. Alijua kuku. Kwa mama yake huko Kangari, kuku akipasuliwa akakutwa na mayai yamejipanga ndani kama shanga, hayo mayai hayaguswi na mwenye nyumba, ni ya mgeni. Akaona kaa naye atakuwa hivyo hivyo. Mwenye mayai ndiye mwenye heshima.

Basi kreti likaja, na asubuhi hiyo Gathoni alikuwa wa kwanza kuinua gunia bichi lililofunika. Chini yake walilala kaa wa rangi ya matope mabichi, magando yamefungwa kwa kamba za nailoni za bluu, macho yamesimama kama vichwa vya njiti za kiberiti. Mmoja akatoa povu. Gathoni akaruka nyuma.

"Ngai. Hii ni buibui ya mtu tajiri."

"Ni kaa."

"Sasa utaanza kula kutoka wapi? Haina mbele, haina nyuma. Na hii baridi itawaua, wamezoea joto la pwani. Tuwawekee jiko hapo karibu."

"Wacha. Nimeambiwa wanapenda baridi na unyevu. Wanalala tu."

Hapo ndipo Lynn akatoka chumbani, kitambaa kichwani, kikombe mkononi. Akachungulia ndani ya kreti. Akaweka kikombe chini polepole, akamgeuza kaa mmoja, akaangalia tumbo. Akamgeuza mwingine. Alipofika kwa wa nne alikuwa amekaa kwenye gunia la viazi.

"Mum, hawa ni majike. Wamejaa mayai."

"Ndiyo. Niliagiza hivyo hivyo. Nimelipa zaidi."

"Mum, unajua mama yake Lennox anafanya kazi gani?"

"Si uliniambia ni mambo ya kikundi cha akina mama? Kwenye mikoko?"

"Ni mwenyekiti. Kikundi ni cha wavuvi wa kaa." Lynn alikuwa anaongea chini chini kama mtu aliye wodini. "Walikubaliana kijiji kizima, kaa mdogo anarudishwa, jike mwenye mayai anarudishwa. Shemeji yake alileta tenga lake pwani, kulikuwa na jike mmoja ndani. Mama Lennox alilimwaga lote majini mbele ya watu. Mpaka leo hawasalimiani."

"Jike mmoja?"

"Mmoja, mum."

Wakiuru akatazama ndani ya kreti, na kreti likamtazama.

Ushauri ulikuja mwingi na haukufaa. Gathoni alisema wapelekwe Kiganjo kwa dada yake. Wakiuru akamuuliza kama ni akili, Kiganjo kumejaa mapolisi wanafunzi, unataka nipatikane na ushahidi? Gathoni akasema basi watupwe mtoni. Lynn akasema hao ni wa maji ya chumvi, wakitupwa kwenye maji ya mlima watakufa wote, halafu watakuwa wamekufa bure. Kuwapika haraka hakukusaidia pia, kwa sababu jike ana tumbo la mviringo, na mtu aliyekulia kwenye kaa atalijua hata kwenye sahani.

"Mum, mwambie tu," Lynn akasema.

"Nimwambie nini? Karibu nyumbani, nimekuchinjia watoto wako?" Wakiuru alifunga kanga kiunoni. "Huyo mwanamke ndiye atakuwa mama yako wa pili. Akitoka hapa na uchungu, utauishi wewe, si mimi. Leta hilo kreti kwa stoo."

Wakalifunika tena kwa gunia bichi, wakalisukuma nyuma ya viazi. Kisha Wakiuru akafanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani mwake. Akapita kwa fundi wa viatu na kwa yule wa maziwa na kwa kila mtu aliyekuwa amemwambia, akasema wale kaa hawakufika, gari liliharibika. Fundi wa viatu akainua kichwa.

"Lakini nimewaona, Mama Lynn."

"Uliona vibaya."

"Mmoja alinitolea povu."

"Basi meza maneno, unyamaze," Wakiuru akasema, akaenda zake.

*

Wageni walifika jua likiwa limepanda, mlima umejifunua wote kana kwamba na wenyewe ulialikwa. Akina mama wa Chaka walikuwa wamefunga lango kwa kanga, wanaimba, wanauliza hawa ni akina nani na wamepotelea wapi. Wagiriama nao hawakuja mikono mitupu kwa nyimbo. Ilikuwa ni kurushiana maneno na vicheko pale langoni mpaka watu wa barabarani wakasimama kutazama.

Mama Lennox alikuwa mbele. Mwanamke mrefu, mweusi tititi, sweta la kuazima juu ya leso mbili, na macho ambayo Wakiuru aliyaona mara moja kwamba yanapima. Alipomkumbatia, Wakiuru alisikia harufu ya moshi na nazi.

"Mwenzangu," Mama Lennox akasema, "kumbe mnaishi ndani ya friji."

Watu wakacheka. Wakiuru pia akacheka, zaidi kidogo ya ilivyostahili.

Sasa, kwa Wagikuyu mambo hayaendi mbele kabla ya mwati na harika. Mwati ni kondoo jike ambaye hajazaa, harika ni mbuzi jike ambaye hajazaa, na hawa wawili hawachinjwi. Wanakabidhiwa wakiwa hai, waingie kwenye boma la msichana, wazae hapo. Ndio mlango wa mambo yote. Siku hizi watu wengi wanatoa pesa badala yake, lakini Wamae, ndugu ya marehemu mume wa Wakiuru na msimamizi wa siku hiyo, alikuwa amesema kwamba yeye hawezi kuitwa mkwe na noti. Anataka kitu kinacholia mee.

Harika akaletwa, akakaguliwa, hakuna neno. Kisha Mama Lennox mwenyewe akamvuta kondoo. Alikuwa kondoo mnene, mweupe, anatembea kwa madaha. Wamae akainama, akampapasa ubavu. Akapapasa chini, kwenye kiwele. Akapapasa tena.

"Nani alichagua huyu?" akauliza.

"Mimi," Mama Lennox akasema. "Tuliamkia sokoni hapa Chaka. Walikuwako wengine wembamba, nikawaacha."

Wamae akasimama, akapangusa mikono. "Huyu ako na mimba. Huyu amebakisha siku chache tu."

Mzee mmoja wa upande wa Wamae akakohoa kikohozi kisichotokana na kifua. Wageni walikuwa wanatazamana, hawajui kosa ni lipi, ila wanajua lipo. Lennox, kijana wa watu, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilimwona," Mama Lennox akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilijua ana kitu tumboni. Nikasema, mwenzangu asipewe mmoja, apewe wawili. Mwenye mimba si ndiye mwenye baraka?"

Wakiuru, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, alisikia maneno hayo yakimwingia kama mtu anayemsomea mawazo yake mwenyewe. Mwenye mayai ndiye mwenye heshima. Huyu mwanamke ametoka kwao, amepita nchi nzima, akaenda kukosea kosa lile lile.

"Mwati ni yule hajazaa," Wamae alikuwa anasema. "Hii si ubaya, mama, lakini hatuwezi kuanza. Pengine mrudi siku ingine—"

"Shemeji," Wakiuru akasema.

Wanawake hawaongei pale wazee wanapopokea mifugo. Wote walijua, na yeye alijua. Akatembea na mwiko wake mpaka katikati.

"Kwa boma langu kuna kondoo mchanga hajajua dume. Ni wangu, si wa mtu. Nampatia Mama Lennox. Na yeye akupatie wewe. Huyu mwenye mimba tubadilishane, abaki kwangu, azae."

"Kitu kama hiyo haijawahi kufanyika."

"Imefanyika leo."

Wamae akafikiria. Wakiuru alimjua shemeji yake, mtu wa sheria, lakini pia mtu wa chakula, na harufu ya nyama ilikuwa imeanza kutoka pale pa kuchomea.

"Kondoo wako ako ndani tayari," Wamae akasema mwishowe. "Mwati haitoki ndani. Inaingia kutoka nje."

"Basi tutamtoa nje aingie."

Na ndivyo ilivyokuwa. Yule kondoo mchanga wa Wakiuru, ambaye alikuwa anajilia mabua yake bila shida, akafungwa kamba, akavutwa nje ya lango akilalamika njia nzima, akakabidhiwa Mama Lennox barabarani mbele ya watu wa bodaboda, kisha akavutwa ndani tena, akilalamika zaidi. Wamae akampapasa kana kwamba hajawahi kumwona tangu azaliwe.

"Sasa hii," akasema, "ni mwati."

Vigelegele vikapasua mabati.

*

Wazee walipoingia hemani kuongea yao, Mama Lennox hakukaa alipowekwa. Alikuja jikoni, akapita masufuria, akamshika Wakiuru mkono kwa mikono yake miwili.

"Umenisitiri, mwenzangu. Pale nje nilitamani ardhi inimeze."

"Ni kitu kidogo."

"Si kidogo. Mbele ya watu wa watu—" Akanyamaza katikati ya neno. Akatega sikio.

Kutoka stoo kulikuwa kunatoka sauti. Kwaruu. Kwaruu. Kama mtu anayekuna sufuria kwa kijiko, ila taratibu, kwa subira.

"Ni panya," Gathoni akasema, haraka mno.

"Panya?"

"Wa Chaka ni wakubwa."

Mama Lennox akamtazama Gathoni, kisha akamtazama Wakiuru, na Wakiuru akajua kwamba amefika mwisho. Angeweza kusema ni panya. Kesho kaa wangekuwa wamekufa, angewatupa shimoni, na mambo yangeisha hivyo. Lakini mkono wake ulikuwa bado umeshikwa na mikono miwili ya mwanamke aliyekosea kwa wema, na ulimi wake, ambao maisha yake yote haukujua kubana kitu, ulikuwa umechoka kuanzia asubuhi.

"Njoo uone," akasema.

Akalivuta kreti. Akaondoa gunia. Mama Lennox akachuchumaa, akamchukua mmoja kwa nyuma, mahali ambapo gando halifiki, akamwinua kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama ule mwanya mwembamba kati ya gamba na tumbo. Ndani yake kulikuwa na rangi ya machungwa, imejaa mpaka ukingoni.

"Ni mimi niliagiza," Wakiuru akasema. "Hakuna mtu alinidanganya. Nilitaka upate chakula ya kwenu. Nikaomba wenye mayai, kwa sababu kwetu kuku mwenye mayai hupewa mgeni. Lynn amenieleza leo, nikaogopa, nikaficha."

Mama Lennox alichukua wa pili, wa tatu. Uso wake ulikuwa umekaza, na Lynn aliyekuwa ameingia mlangoni alisimama na trei ya vikombe bila kusogea. Kisha Mama Lennox akaishika ile kamba ya bluu, akaizungusha kidoleni, na mabega yake yakashuka.

"Hii si kamba yetu," akasema. "Sisi twafunga kwa ukindu. Alhamdu—" akajikatiza, akacheka kidogo. "Nimekaa na Waislamu hata nimekuwa mmoja wao. Asante Mungu. Nilidhani ni watu wangu wamenizunguka."

"Kwa hivyo hujakasirika?"

"Nimekasirika sana," Mama Lennox akasema kwa upole. "Lakini si na wewe." Akajikalia kwenye gunia la viazi, lile lile. "Sikiza. Hawa huwa wamo njiani. Wameshiba mayai kwenye mikoko, waelekea bahari kuu kutaga. Walipokuja wanunuzi, walitaka hawa hawa, wanene, na sisi twawangoja njiani kwa raha zetu. Tukapata pesa, tukaezeka mabati. Halafu siku moja watoa tenga, tupu. Kesho, tupu. Mwaka mzima watu walikula mihogo na maneno. Ndipo tukakubaliana. Shemeji yangu mmoja alinitukana, lakini sasa tenga lake lajaa, na hajaja kunisalimu."

Gathoni alikuwa ametoa macho. "Kwani ni kama mwati," akasema. "Haichinjwi."

Wote walikuwa wameshafika hapo hapo, kila mmoja kwa njia yake. Kisha Mama Lennox akaanza kucheka. Alianza kwa pua, akaendelea kwa mabega, mpaka akashika ubavu.

"Mimi nimekuletea kondoo mwenye mimba," akasema, "nawe waniwekea kaa mwenye mimba. Hawa watoto wakikosa kuzaa, lawama si yetu."

Wakiuru alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Lynn akaweka trei chini. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha katika nyumba iliyojaa moshi.

"Wako hai bado," Mama Lennox akasema, akiwapanga upya. "Baridi yenu imewasaidia, kwetu wangalikuwa wamelegea. Kesho nashuka nao kwenye basi letu. Magunia yawe majimaji, na hakuna mtu aweke mzigo juu." Mkono wake ukasimama. "Na huyu ni nani?"

Chini kabisa alikuwapo mmoja mkubwa kuliko wote, magando kama koleo la fundi, tumbo jembamba lenye ncha.

"Dume," Lynn akasema.

"Dume, na amekomaa. Mwuza samaki wako amejazia kreti naye." Mama Lennox akavua sweta. "Huyu hana kosa kupikwa. Tangawizi iko? Nyanya? Dhania?"

"Nazi hakuna," Wakiuru akasema.

"Nazi ninayo begini. Ulidhani naweza kuja kwa watu bila nazi?"

Kaa mmoja kwa nyumba nzima. Ulikuwa mchuzi zaidi kuliko kaa, lakini ulizunguka hema lote, na kila mtu akapata uzi wake wa nyama. Fundi wa viatu alikuwa ameingia bila kualikwa, akapewa kipande cha gando, akakitazama. "Kumbe gari lilipona," akamwambia Wakiuru. Wamae alikataa. Alisema yeye ni Mgikuyu, hawezi kula kitu kinachotembea upande upande kama mlevi. Kisha akachovya kipande cha chapati, kwa ajili ya adabu tu. Baadaye akaonekana jikoni, peke yake, anafuta sufuria kwa kipande kingine.

*

Siku mbili baadaye, simu ya Wakiuru ililia wakati wa chai ya asubuhi. Akaiegemeza kwenye chupa ya sosi, na hoteli nzima ikahama kutoka meza zake kuja kujazana nyuma yake. Mama Lennox alikuwa amesimama kwenye matope hadi magotini, mikoko nyuma yake, jua linamkunjisha uso.

"Wawili walikufa njiani," akasema kwanza, maana si mtu wa kuficha. "Wengine wazima. Huyu wa kwanza ni wenu. Tazameni."

Akakata kamba ya bluu kwa kisu, akamweka kaa kwenye tope, ukingoni mwa maji. Kaa hakusogea. Alikaa hapo kama jiwe.

"Amekufa," mtu akanong'ona.

"Nyamaza," Wakiuru akasema. Alikuwa ameshika kona ya meza. Chai ilikuwa inapoa kwenye vikombe vyote, na Gathoni alikuwa ameacha mteja saluni na nywele nusu.

Kaa akainua gando moja. Kana kwamba anauliza njia. Akakaa tena. Kisha miguu yote ikakumbuka kazi yake, na akaenda upande upande, haraka, wala hakuangalia nyuma, mpaka maji yakamfunika na lile tope likatulia.

Hoteli ikapumua. Mtu akapiga makofi, na makofi yakashika.

"Ameenda," Wakiuru akasema.

"Ameenda kuzaa," Mama Lennox akajibu. "Na kondoo?"

"Bado. Anakula tu na kunitazama kama mimi ndiye nimemweka hapo."

"Akizaa nipigie."

"Kabla hajakupigia," Gathoni akadakia kutoka nyuma, "Chaka yote itakuwa imejua."

Simu ikakatika. Wamae, aliyekuwa amekuja kwa chai ambayo kwa kawaida hunywa kwake, alisafisha koo, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine, kama yule mwuza samaki wa Nairobi bado yuko.

"Yuko," Wakiuru akasema, akiokota vikombe. "Na nimemwambia, ukiniletea tena, niletee madume. Nitapapasa mmoja mmoja."